Jahazi la manila lililojinyonga: kisa cha dogo wa Pasua

Jahazi lenyewe lina urefu wa sentimita 60 toka omo, yani mbele, mpaka tezi, yani nyuma, limejengwa kwa manila na boksi la katoni, na aliyelijenga ni dogo wa Pasua hapa Moshi ambaye babu yake mzaa mama alikuwa baharia Pangani enzi hizo. Alitaka kumpelekea babu zawadi likizo, akaona kununua jahazi la mbao la mapambo hapana, acha alijenge mwenyewe. Alianza vizuri sana. Ila lilipofika mezani kwangu lilikuwa limejinyonga, yani ukilitazama kwa nyuma unaona tezi imelala kushoto na omo imelala kulia, kama mtu kalikamata huku na huku akakamua. Mkono wa huyu dogo ni mzuri mno, wembe wake umenyooka, rangi kapaka kwa utulivu, hamna mahali gundi imevuja nje. Ndo maana kisa hiki kimenikaa kichwani, maana kazi iliyoharibika kwa uzembe haina cha kuchambua, lakini kazi iliyofanywa kwa uangalifu wote huo afu ikapinda, hapo kuna kitu cha kutafuta.

Mi natengeneza modeli za nyumba kwa wachora ramani, na msimu wa shule natengeneza za wanafunzi, kwahiyo kadi na gundi ndo zinaniweka mjini. Dogo alikuja na boksi lake kwapani, akasema shikamoo fundi, naomba uniangalizie hili, nimeambiwa tatizo ni mvua.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani alisema ni masika, na kweli ilikuwa Aprili, Moshi mwezi huo nguo haikauki na karatasi ikikaa mezani usiku asubuhi imelegea. Muuza stesheneri alipoulizwa akasema hiyo manila ni feki ya siku hizi. Mama yake akasema kosa ni kuanika juani, maana dogo alikuwa akimaliza kubandika analiweka dirishani ubavu mmoja unaelekea jua.

Nilizipima moja moja. Manila feki niliitoa mapema, nilikuwa na manila ya duka hilohilo, gramu 160 ileile, na modeli ya nyumba niliyoijengea ilikuwa imesimama wima rafuni. Masika nayo peke yake haitoshi, kwasababu unyevu wa hewa unaingia pande zote, kulia na kushoto, juu na chini, kadi inalegea yote na ikikauka inarudi yote, sasa kwanini ijinyonge kwenda upande mmoja tu? Ya mama ilikuwa na ukweli ndani yake na nitairudia. Lakini jua la dirishani linaweza kuupinda ubavu ukawa kama ndizi, kulinyonga jahazi zima ni jambo lingine.

Hapa tutofautishe hayo mawili, maana wengi wanasema tu limepinda. Kupinda ni mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo kule chini, kuacha mstari, katikati inatoka pembeni au inanyanyuka. Kujinyonga ni mkuku kuweza kubaki umenyooka kabisa lakini mbele na nyuma haviangalii juu sawasawa. Dawa zake ni tofauti, ukitibu moja ukidhani ni nyingine unamaliza kadi bure.

Namna ya kuona ni ile ya maseremala. Nililiweka jahazi juu ya kioo cha meza, nikalaza kijiti kimoja cha mishikaki juu ya kingo za omo na kingine juu ya kingo za tezi, vyote sentimita 20, nikachuchumaa nikafumba jicho moja nikavitazama vikiwa vimepangana. Vingekuwa sambamba, hamna shida. Hivi vilipishana kama mkasi unaoanza kufunguka, ncha ya kimoja ilikuwa milimita 14 juu ya mwenzake. Hiyo ni kama digrii 4. Kwa maneno ni kidogo, kwa macho ni nyingi, mlingoti ukisimamishwa hapo kila mtu anajua kuna kitu hakipo sawa hata kama hajui nini. Nikaweka uzi chini kwenye mkuku, ukaonyesha mkuku nao umepinda lakini kidogo tu, milimita 2 hivi katikati. Kwahiyo ugonjwa mkubwa ulikuwa kujinyonga.

Basi tukarudi ngamani, kule chini ndani ambako ndo marejeo ya tezi na omo. Nikamulika na tochi ya simu. Mataruma, yani mbavu za ndani, 14, kila sentimita 4, yamekatwa kwa boksi la katoni na yamechomekwa kwenye mkuku kwa mipasuo. Mipasuo ilikuwa mipana kuliko unene wa boksi kwahiyo taruma likiguswa linacheza. Na kwenye taruma la 7 nikaona kitu: mbao zote za ubavuni, yani vile vipande vyembamba vya manila vinavyofanya ngozi ya nje, zote, zimeungwa palepale. Mkuku wenyewe ulikuwa wa tabaka tatu za manila na tabaka zote tatu zimeungwa hapohapo pia. Kwahiyo katikati ya jahazi kulikuwa na mstari mmoja unaozunguka chombo kizima ambao hauna nguvu, na milimita 2 za mkuku zilitoka hapo.

Lakini mnyongo bado. Nikamwambia, hebu kesho niletee mabaki ya manila uliyokatia, usitupe chochote.

Mabaki ndo yalisema kila kitu. Alileta mfuko mzima wa pembetatu. Pembetatu kubwa mbilimbili, A4 baada ya A4, maana mbao zilikatwa katikati kwa kupita kona kwenda kona. Nikamuuliza mbona umekata hivi, akanijibu vizuri kabisa na hesabu yake: ubavu ukiufuata na mkunjo wake ni kama sentimita 63, A4 upande mrefu ni sentimita 29.7, ukiunga mbili unapata 59.4, haifiki, itabidi kila ubao uwe na kiungo cha pili na kakipande kadogo mwishoni, kabaya. Ila A4 kona kwa kona ni sentimita 36 na kitu. Ukikata pale kati unapata mbao tano za milimita 8 zenye sentimita 32 au zaidi, ukiunga mbili umemaliza ubavu. Kichwa kinafanya kazi. Shida ni kwamba karatasi haiko sawa pande zote.

Kwa wasiojua, karatasi inatengenezwa kwa uji wa nyuzi za mti unaomwagwa juu ya wavu unaokimbia, nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine, na zinabaki hivohivo mpaka karatasi inakauka. Uzi wa mti ukinyonya maji unanenepa, haurefuki kihivyo. Kwahiyo karatasi ikilowa inatanuka kwa upana wa nyuzi mara kadhaa zaidi ya inavyotanuka kwa urefu wake, na ikikauka inasinyaa hivohivo. Kujua nyuzi zimelala wapi ni kazi ya dakika moja: kata kipande cha mraba, lowesha uso mmoja kwa kidole, kitajiviringa, na ule mviringo unalala kufuata nyuzi. Au kikunje taratibu huku na huku bila kukivunja, upande unaokubali kirahisi ndo mkunjo wake unafuata nyuzi. A4 nyingi za fotokopi nyuzi zinafuata upande mrefu, na manila ya dogo ilikuwa hivo pia, tuliijaribu.

Sasa ubao uliokatwa kona kwa kona una nyuzi zilizolala mshazari, kwa A4 ni kama digrii 35 toka kwenye mstari wa ubao. Paka gundi ya maji uso mmoja, ule uso unanenepa kwa mshazari, ukikauka unasinyaa kwa mshazari, uso wa pili haujaguswa. Ubao hauwezi kujikunja kawaida, unaenda kama msokoto. Mliokulia na shamba la maharage mnalijua hili bila kufundishwa, ganda la maharage likikauka na kupasuka kila nusu inajisokota yenyewe, na sababu ni hiyohiyo, nyuzi za ganda zimelala mshazari. Tulikata vipande viwili toka manila yake, kimoja kufuata upande mrefu kimoja kona kwa kona, tukapaka gundi nyeupe ya mbao uso mmoja, tukaviacha mezani. Asubuhi cha kwanza kilikuwa kimejikunja kidogo tu kwa upana, ukikilaza na rula kinakubali. Cha pili kilikuwa kimejisokota kama skrubu. Dogo alikishika akakizungushazungusha, akanyamaza, afu akasema sasa fundi mbona kushoto na kulia havikuvutana vikasawazishana?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndo kiini cha kisa hiki. Vingesawazishana kama angekata nusu ya mbao kwa kona hii na nusu kwa kona ile, yani mbao za kushoto ziwe kioo cha mbao za kulia. Lakini yeye alichora kwenye simu, akaprinti, karatasi zote zimefanana, zote zimekatwa toka kona ya chini kushoto kwenda juu kulia, na zote amebandika uso wenye maandishi nje. Ukichukua ubao wa namna hiyo ukauhamisha toka kulia kwenda kushoto bila kuugeuza uso, msokoto wake haubadiliki, ni kama skrubu ya kulia, utaishika juu chini utaigeuza bado ni skrubu ya kulia. Kwahiyo mbao zote za jahazi, pande zote mbili, zilikuwa zinanyonga kuelekea upande uleule, zimesaidiana badala ya kuzuiana. Hakuna bahati mbaya hapo.

Na jahazi lenyewe halikuwa na uwezo wa kukataa. Jahazi la kweli lina sitaha, ile sakafu ya juu, ndogo tu mbele na nyuma, katikati ni wazi maana hapo ndo panapopakiwa mzigo, na dogo kwa heshima ya babu alilifuata hilo, akaacha wazi. Sawa kabisa kwa macho. Lakini chukua boksi la viatu bila mfuniko ulinyonge kwa mikono miwili, linanyongeka kirahisi, gundisha mfuniko uone lilivyo gumu. Meli za kadi zinazouzwa Ulaya kwa vitabu vya kukata, Wapolandi wana jarida lao la Mały Modelarz lililoanza kutoa modeli za kadi 1957, kwa kawaida zinaanza na mifupa inayochomekana, mkuku kwa urefu, mataruma kwa upana, afu kadi nyingine inalazwa juu kama sitaha inafunga kila kitu kabla ngozi ya nje haijaguswa. Ile sitaha si urembo. Jahazi la wazi likikosa kifungio chochote kwa ndani linabaki na ubavu na mkuku peke yake, na ubavu ndo uliokuwa unanyonga.

Sasa jua la mama. Dogo alimaliza ubavu wa kulia wote ndo akaanza wa kushoto, na kila akimaliza kiasi anaweka dirishani. Kwahiyo ubavu wa kulia ulisinyaa ukavuta mifupa kabla wa kushoto haujawepo wa kuuzuia, na jua likaharakisha. Mama alikuwa sahihi kwa sehemu hiyo, na nilimwambia dogo amwambie.

Ukiyafuata yote haya nyuma yanaishia sehemu moja, A4. Hakuna siku dogo aliamua kukata mshazari kwa kupenda, aliamua jahazi liwe sentimita 60 kwasababu alitaka kila mita 18 za jahazi ziwe sentimita 60, yani moja kwa thelathini, namba nzuri rahisi, afu printa ya stesheneri inatoa A4 tu, basi. Kuanzia hapo kila uamuzi ulikuwa wa kuilazimisha A4 ifike. Viungo vyote taruma la 7, ni A4. Mshazari, ni A4. Tabaka tatu za mkuku kuungwa sehemu moja, ni A4. Na huku manila nzima ipo dukani, imeviringishwa kwenye kona, ile tuliyonunua baadae upande wake mrefu ulipita sentimita 70, ubao wa sentimita 63 unatoka mzima bila kiungo hata kimoja. Hauprinti, unachora kwa rula na penseli. Kuna watu wanaona kuchora kwa mkono ni kurudi nyuma, mimi kwa jahazi naona ndo njia, ubavu wa chombo unaupimia palepale juu ya mataruma yako, ukanda wa karatasi unaulaza, unaweka alama, unakata, unajaribisha. Mchoro wa simu haujui kwamba taruma lako la 9 limetoka nje milimita moja.

Tuliokoe au tuanze upya? Mi nilipendelea upya. Dogo alikataa, alisema mataruma ameyakata kwa wiki nzima na babu ndo alimwelekeza kwa simu lipi linene lipi jembamba. Nikaona ana haki. Kulilowesha na kulifunga kwa kamba lirudi nilikataa mimi, maana gundi nyeupe ikishakauka kadi inachanika tabaka kabla gundi haijaachia, na hata likirudi ule mvutano bado umo ndani, masika ijayo litanyonga tena. Tukakubaliana ngozi yote itoke, mifupa ibaki.

Kutoa ngozi kulitaka subira. Wembe mpya, unapita kufuata ukingo wa kila taruma, ubao unatoka vipande vya sentimita 4, na pale gundi iliposhika sana unaacha kale kadoa ka manila juu ya taruma, unapiga msasa laini. Mifupa ilipobaki peke yake ikajinyoosha yenyewe karibu yote, na hapo dogo ndo aliamini kabisa kwamba ngozi ndo ilikuwa inanyonga. Tukaujaza ule upana wa mipasuo kwa vipande vyembamba vya karatasi, tukabandika manila nene pande zote mbili za mkuku kati ya mataruma ya 6 na 8 kuvuka kile kiungo. Afu tukaweka sitaha ya uongo: kadi nzima tumeikata kwa umbo la ndani, imekaa chini ya usawa wa kingo kwa sentimita 2 na nusu, imegusa kila taruma, imegundishwa jahazi likiwa limefungwa juu ya kioo kwa mipira ya ofisini. Ikipakwa rangi ya mbao na kuwekewa vigunia na mikeka juu inaonekana ndo sakafu ya mzigo. Dogo alisita kidogo hapo, akauliza kama si udanganyifu, nikamwambia ampigie babu. Babu akasema mzigo nao hukaa juu ya kitu.

Mbao mpya zilitoka kwenye manila kubwa, nyuzi zikifuata urefu wa ubao, tulijaribu kwa kidole chenye maji kwanza. Gundi tulibadili, tukatumia ile ya njano ya mafundi viatu, haina maji, unapaka nyembamba pande zote mbili, unasubiri ikauke mpaka haishiki kidole, afu unabandika, na hapo hakuna kurekebisha, ikishika imeshika, kwahiyo unaanzia katikati unaenda nje. Fungua dirisha, harufu yake si ya mchezo na si ya kumwachia mtoto peke yake. Na kubandika ni kwa jozi: ubao mmoja kulia, mwenzake kushoto, ndo uende wa pili. Kila baada ya jozi kadhaa vijiti vya mishikaki vinarudi juu ya omo na tezi, unachuchumaa unaangalia. Alipomaliza ncha zilipishana milimita 1, na hiyo nadhani ilitoka kwenye mataruma yenyewe.

Vanishi ilipakwa ndani na nje, nyembamba, mara kadhaa, msasa katikati. Wengi wanapaka nje tu kwasababu ndo kunaonekana, afu unyevu unaingia kwa ndani upande mmoja na mnarudi kulekule. Pangani ni pwani, hewa yake ina maji kuliko hii yetu, kwahiyo ndani ndo tulipakazia zaidi.

Tanga lilikuwa rahisi. Karatasi nyembamba imechovywa kwenye chai ya rangi ikakaushwa imelazwa, inapata ule weupe mchafu wa kitambaa cha pamba kilichokaa chumvini. Umbo lake si pembetatu kamili, ile ncha ya mbele inakatwa kidogo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni vijiti viwili vya mishikaki vimefungwa pamoja kwa uzi, kama ilivyo ya kweli ambayo nayo huungwa kwa miti zaidi ya mmoja, na urefu wake unakaribia chombo chenyewe. Mlingoti alikuwa ameupanga wima kabisa, picha ilipotumwa Pangani babu akarudisha ujumbe wa sauti, mlingoti wa jahazi unainama mbele mjukuu wangu, si bendera ya shule. Tundu likachongwa upya kwa msasa uliozungushiwa kijiti.

Sasa hivi dogo anataka Cutty Sark, ile meli ya chai ya Waingereza iliyoshushwa majini 1869, ipo Greenwich London mpaka leo, kama mita 65 urefu wa chombo, milingoti mitatu, mataruma ya chuma na mbao nje. Kwa moja kwa mia inatoka sentimita 65, kwahiyo saizi anaijua tayari. Ile ina sitaha nzima, kunyongeka kutakuwa kudogo, kazi itahamia kwenye kamba na zile foromali za kukingama nyingi. Nimemwambia printa aiache, aje achague manila na mimi, na mbao za nje asiguse mpaka nione sitaha imeshalala juu ya mataruma.